Sura ya Victoire, logiciel ya Gracien

Mimi ni mutu ya hasira. Ninaanza na ile, juu batu bote ya mutaa ya Kimemi banaijua na bangekuambia mbele yangu. Ukiingia mu studio yangu, huku Butembo, ukaniuliza foto itatoka lini wakati nimeshakuambia ni kesho, nitakuonyesha mulango. Jina yangu ni Florentine. Ninapiga foto tangu miaka kumi na ine, na mbele ya hii mambo ya Bénie niliamini kabisa kama hakuna mutu mu Grand Nord yote, Butembo na Beni, anaweza kunifundisha namna ya kuchapisha foto ku karatasi.

Bénie alifika lundi, mwanzo wa juma, asubui. Binti ya miaka makumi mbili na mbili, mwembamba, sauti ya chini, vumbi ya njia ya Beni ingali ku biatu. Nilimupa kiti. Hakukaa.

"Mama Florentine, ninaolewa samedi hii, mwisho wa juma," akasema. "Ku kanisa yetu, mama ya bibi-arusi akiwa alikufa, banaweka kiti yake pale mbele, na foto yake juu ya kiti. Mimi siko na foto."

Nikamuuliza mama yake alikuwa nani. Akasema Victoire, wa Mangina. Alikufa mwaka ile Ebola ilianzia kwabo. Alizikwa na ile timu ya nguo nyeupe, batoto bakasimama mbali, sura hawakuiona tena. Bénie alikuwa na miaka kumi na ine. Kisha vita ikafika, bakakimbilia Beni, ku mutaa ya Beu, na bintu byote bikabaki Mangina: godoro, sufuria, foto. Mais Léa, mama mudogo yake, alikumbuka kama Victoire alipita kwangu mwaka moja mbele ya kifo, akavaa kitenge ya bleu, akapigwa foto.

"Na kuko kitu ingine," Bénie akasema, akaangalia chini. "Nimeanza kumusahau. Nikifunga macho ninaona kitenge, ninaona mikono yake ikikata matembele. Sura, hapana. Ninaogopa niingie mu ndoa bila sura ya mama yangu."

Basi, mutu ya hasira nayo iko na moyo. Nikamuambia: "Kaa, mutoto yangu. Mi sijapoteza hata foto moja ya mutu." Na ni kweli. Disque dur zangu za kuchungia foto ziko mu sanduku ya chuma, zimeandikwa mwaka kwa mwaka. Nusu saa haikuisha, nikamupata: Victoire, Mangina, kitenge ya bleu. Nikaweka karatasi kubwa, ile muzuri, nikachapisha. Nilikuwa ninajisikia vizuri sana, sitabaficha.

Bénie akashika foto na mikono mbili. Akaiangalia muda murefu. Kisha akaniuliza polepole, bila ubaya:

"Mama Florentine, huyu ni nani?"

Weee! Damu ikanipanda. "Namna gani, huyu ni nani? Ni mama yako! Jina iko pale, tarehe iko pale! Unafikiri mi ninauzisha sura ya batu bengine?"

Machozi ilikuwa imemujaa macho mais ilikataa kuanguka, na pale nilisikia haya. Binti alikuwa ametoka Beni kuja kutafuta mama yake, na mimi nilimupa mwanamuke mwingine.

Nikamuambia arudi kwabo, nitaitengeneza. Alipotoka tu, nikaanza kupigana na mashine. Nikasema ni wino. Nikabadilisha wino. Victoire akatoka mwekundu. Nikasema ni karatasi. Nikabadilisha karatasi, akatoka na rangi ya mboga ya lengalenga imepikwa. Nikasafisha mashine, nikazima, nikawasha, nikaitukana na Kiswahili, na Kinande, na Kifaransa. Foto kumi. Kila mara sura ilibadilika, na hakuna hata moja ingeweza kuitwa mama ya Bénie.

Sasa nibaelezee juu ya Gracien, juu pale njo shida yangu ya pili ilianzia.

Gracien ni mupiga foto wa Beni. Mwaka jana alinunua logiciel moja, programu ya kuchapisha. Ile haipigi foto, haitengenezi foto. Kazi yake ni kukaa katikati ya ordinateur na mashine, na kupanga namna wino itaanguka ku karatasi, rangi kwa rangi. Akaandika mu groupe yetu ya bapiga foto ku WhatsApp kama mupiga foto mwenye hana ile logiciel anabahatisha tu. Mimi nilimujibu na audio ya dakika tatu. Nilisema: "Gracien, wino ni wino. Mwenye iko na macho mbili na mashine safi, logiciel ya nini? Wewe umenunua miwani ya kuvalisha mashine." Groupe yote ikacheka. Balicheka wiki mbili. Ile audio ilifika mupaka Kasindi, kule karibu na Uganda.

Donc munaona mimi, kesho yake, mardi asubui, na simu mukononi, nikitafuta namba ya Gracien. Nilizunguka studio mara tatu mbele ya kubonyeza.

"Gracien, ni Florentine."

"Yaya Florentine! Karibu."

"Ile logiciel yako. Inaweza kurudisha sura ya mutu?"

Nilingojea acheke. Hakucheka, na ile njo ilinichokoza kupita yote. Akasema tu: "Ulete fichier ya foto, tutaona."

Kesho yake, mercredi, nikapanda gari ya Beni, disque dur ndani ya sac, sac ku kifua kama mutoto mugonjwa. Ukishuka kilima ya Kabasha unasikia joto inakupokea. Mi niliondoka na pull ya baridi ya Butembo, nikafika Beni nikiwa nimeifunga kiunoni. Atelier ya Gracien iko hapo Beu, nyumba ya mbao yenye mulango inaangalia barabara. Yeye ni mutu wa polepole. Anaongea polepole, anafuta miwani polepole. Mutu wa hasira akikaa karibu yake saa moja, atalala ao atapiga kelele.

Bénie, mwenye nilimupigia simu, alikuwa ameshafika, pamoja na Léa, mama mudogo. Léa alikuwa ametoka Lubero siku mbili mbele na viazi ya karamu, mwanamuke munene wa kucheka, mwenye kusalimia mutu na mikono yote mbili. Nilimupenda mara moja, mupaka pale alifungua kinywa.

Gracien alifungua fichier mu logiciel yake. Mi nilisimama nyuma nikiangalia zile madirisha zote ku écran ya ordinateur, namba, mistari, nikijisemea moyoni: kumbe ni kweli, kumbe nilikuwa nyuma. Akachagua karatasi, akachagua wino, akabonyeza. Mashine ikatembea bila haraka. Foto ikatoka.

Ilikuwa muzuri. Niseme ukweli: kitenge ya bleu ilikuwa bleu ya kweli, ungeweza kuhesabu uzi. Hakuna wekundu, hakuna lengalenga. Na pale katikati ya ile uzuri yote, mwanamuke moja mweupe, laini, bila jina.

Léa akainama, akaangalia, akasimama wima.

"Aka! Huyu ni mama gani munamuvalisha kitenge ya dada yangu?"

Bénie alienda kukaa ku mulango, akatuachia mugongo.

"Gracien," nikasema, "logiciel yako ni ya bure!"

"Ngoja, Yaya." Akakuza sura ku écran mupaka shavu moja ikajaza dirisha yote. Akaangalia. Akafuta miwani. "Original iko wapi?"

"Original ya nini? Hii njo original."

"Hapana. Hii, mutu alishaipitia. Angalia ngozi. Haina kitundu, haina kivuli, haina kitu. Logiciel yangu inachapisha kile iko ndani ya fichier, na inachapisha vizuri. Mais kile iko ndani, mutu aliiosha."

Nilifungua kinywa nimutukane, kisha nikakumbuka kitu.

Mwenye iko mupiga foto huku kwetu anajua ile neno, kuosha. Mutu anakuja studio, anakaa ku kiti, na mbele hata ya kutabasamu anakuambia: "Utaniosha kidogo, eh?" Maana yake: unitoe weusi, unitoe alama, nitoke kama batu ya clip ya muziki. Banaume banaomba, banamuke banaomba, hata pasta mumoja aliniomba. Miaka ile nilichoka kuosha mutu mumoja mumoja, donc nilifundisha ordinateur. Nilitengeneza bouton moja: ukibonyeza, inaosha sura, inafuta alama, inaandika juu ya ile ya zamani. Juu ya ile ya zamani! Disque dur ilikuwa ndogo, sikutaka kuweka bintu mara mbili. Nilibonyeza ile bouton kwa kila mutu, bila hata kuangalia sura ya nani iko mbele yangu, na nilijisifu kama kazi yangu inaenda mbio.

Na Victoire, aliniomba kumuosha? Sijue. Ile njo iliniumiza sana. Sikumukumbuka hata kidogo. Alitoka Mangina, akavaa kitenge yake ya muzuri, akakaa mbele yangu, na mimi nikamufuta.

Nikaenda ku mulango, nikachuchumaa karibu ya Bénie. Magoti ilipiga kelele.

"Binti yangu, haikuwa wino. Haikuwa mashine. Ni mimi. Nilimuosha mama yako bila kumuuliza, na sikuchunga ile foto ya kweli. Nisamehe."

Nilingojea anitukane. Mi ningetukana.

"Donc mama haiko mule?" akauliza.

"Iko. Mais nilimufunika."

Akageukia Gracien. "Na logiciel haiwezi kumufunua?"

"Inaweza kuchapisha rangi yoyote unaitaka," Gracien akasema, polepole yake ile. "Mais rangi ya mama yako, haiijui. Mimi pia siijui. Inatakiwa mutu mwenye anaijua."

Léa alikuwa ameketi kando, anajipepea na ile foto mbaya. Akaona sisi bote tunamuangalia.

"Munaniangalia nini?"

"Mama Léa," nikasema, "wewe na dada yako, ngozi yenu ilikuwa namna gani?"

"Moja! Baba moja, mama moja, ngozi moja. Tukimupa mama mugongo, alikuwa anaita Victoire, mimi ninaitika."

"Kunja mukono ya nguo."

Basi tukaanza kazi, na sasa ilikuwa kazi ya kweli. Mi nilikaa ku ordinateur, nikaanza kurudisha weusi ndani ya ile sura, kidogo kidogo. Gracien akachukua sura ndogo kumi na mbili, kila moja na rangi yake, moja mwekundu zaidi, moja kahawia zaidi, moja na manjano ndani, na logiciel yake ikazipanga zote ku karatasi moja, na namba chini. Pale nilimupa haki yake. Mashine yangu, ukiiomba rangi moja mara mbili, inakupa rangi mbili. Ile ya Gracien, ukiomba namba saba asubui na ukaiomba tena mangaribi, ni ile ile saba. Mwenye anatafuta anahitaji kitu yenye haitamudanganya njiani.

Nikataka kuangalia hapo hapo chini ya taa. Gracien akakataa.

"Taa ya solaire iko na bleu ndani. Tutoke inje."

Mi miaka kumi na ine niliangalia foto zangu chini ya taa ya solaire. Nilitoka inje.

Tukaweka meza ku mulango, ku kivuli, Léa akalaza mukono juu kama mutu anapimwa damu. Gracien akakata zile sura ndogo na makasi, akaziweka moja moja ku ngozi yake. Ya kwanza: nyekundu sana. Ya tatu: "Ile ni ya maiti, toa," Léa akasema. Ya tano ilikuwa karibu, mais mi nikasema bado, Gracien akasema imetosha, tukabishana pale barabarani mupaka bapita-njia bakasimama. Ya saba, Gracien akaiweka na akatoa kidole. Karatasi ikapotea ku mukono. Ilibaki tu mustari mwembamba wa makasi.

"Hapo," Léa akasema, na sauti yake haikucheka tena.

Tukachapisha sura kubwa na ile rangi. Bénie akaja, akasimama mbele yake. Mi sikuangalia foto, nilimuangalia yeye.

"Anakaribia," akasema. "Mais bado haijafika."

Nikauliza nini inakosa. Akasema hajui, ameshasahau, si alisema kama amesahau. Na pale, akiwa bado anasema ile neno, mukono yake ikapanda yenyewe na kidole ikagusa karatasi, chini ya jicho ya kushoto, kando ya pua.

"Hapa," akasema.

"Hapa nini?"

"Mafuta ilimurukia. Tulikuwa tunapika beignets, zile mandazi, mi nilitupa unga vibaya, mafuta ikaruka. Alama ndogo, kama punje ya muchele. Iko hapa."

Léa akapiga mikono. "Eeh, Yesu wangu! Ni kweli! Mimi dada yake nilikuwa nimeisahau!"

Nikakimbia ku ordinateur. Nikakuza pale kidole iligusa, nikakuza tena. Bouton yangu ilikuwa imefuta vizuri, mais si yote. Kulikuwa kivuli moja, ndogo sana, ile mutu anapita bila kuiona. Ilikuwa pale pale. Haikuenda kushoto, haikuenda kuume.

Nikageuza écran. "Bénie, angalia."

Akaangalia kivuli, akaangalia kidole yake, na sasa machozi ikaanguka yote pamoja. "Sikumusahau," akasema. "Mama mudogo, sikumusahau." Léa akamuvuta ku kifua, na mi nilijifanya ninatafuta souris ya ordinateur, juu sikutaka Gracien aone macho yangu. Yeye naye alikuwa anafuta miwani, na miwani ilikuwa safi.

Nilirudisha ile alama na mukono yangu, bila bouton, saa moja na nusu. Bénie alikaa karibu yangu, akisema: ndogo zaidi, ipande kidogo, imetosha. Kisha Gracien akachapisha.

Sasa banarafiki ya groupe bananiuliza: Florentine, mwisho wake, mupiga foto anahitaji ile logiciel ao hapana? Mi ninajibu: kama uko na kazi mingi, na unataka rangi ya leo ikuwe rangi ya kesho, nunua, Gracien alisema kweli, na ile audio yangu muifute. Mais usiinunue ili ione pahali ya macho yako. Banauliza tena kama nitabauzishia logiciel yangu ya macho mbili. Batu ya groupe hawana heshima.

Samedi nilirudi Beni, nimevaa robe yangu ya kijani. Kanisa ilijaa. Kiti ilikuwa pale mbele, upande ya kushoto, na Victoire juu yake, mweusi, muzuri, na alama yake chini ya jicho. Niliketi nyuma nikingojea batu basifu kazi. Hakuna mutu alisifu. Balikuwa banapita, banaangalia, banaenda kukaa, na mi nilianza kukasirika, munanijua.

Kisha akaingia mukaka moja, mwanamuke muzee mwenye fimbo. Bénie aliniambia kisha kama ni mutu wa Mangina, alikuwa anauza karibu na Victoire ku soko. Alipita mbele ya bibi-arusi bila kumuona, akafika ku kiti, akasimama.

"Wavukire, Victoire," akamusalimia na Kinande, sauti ya soko, kanisa yote ikasikia. Akamunyooshea fimbo. "Na sufuria yangu?"

Batu bakacheka. Mukaka alicheka pia, kisha akaweka kiganja ku mudomo na akaanza kulia. Bénie aliacha bwana-arusi pale amesimama, akatembea na ile robe murefu mupaka kwake.

"Mukaka, mama yangu alikuwa anaazima bintu?"

"Kila siku, mutoto yangu! Sufuria, kisu, chumvi. Na hakuwa anarudisha."

Bénie akacheka mupaka rangi ya kupaka macho ikamushuka ku mashavu. Hakuna mutu alikuwa amemuambia ile mbele ya siku hiyo. Akavuta kiti ingine, akaiweka karibu na ile ya mama yake, akakalisha mukaka.

"Sema ingine," akamuambia, na pasta akafunga Biblia yake na akangojea.